Chozi la Dada Zainabu

Harufu ya udi ikichanganyika na ya mitumba hunirudisha Mjimwema, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu, siku dada yangu Zainabu alipokuwa aolewe. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na marobota ya mitumba yaliingia Songea hadi Baba, fundi cherehani, akabaki kushona viraka na sare za shule. Bwana harusi alikuwa mmoja wa walioyaleta kutoka Dar. Watu walisema bahati imekuja kubisha hodi yenyewe.

Dada alikuwa amepata nafasi chuo cha ualimu. Kwamba bado aliitaka, aliniambia mimi tu, tukichambua mchele wa pilau ya harusi yake mwenyewe.

Kwa desturi yetu, kabla ya ndoa kufungwa Shehe huja mlangoni na mashahidi kumuuliza mwali kama ameridhia. Mwali hajibu. Akinyamaza, amekubali, na vigelegele vinapigwa. Shangazi, aliyetoka Tunduru kuja kumfunda mwali, alimkanya Dada tangu asubuhi: "Mdomo ufunge, mwanangu. Mwali msemaji huaibisha ukoo."

Dada akafunga mdomo, ila macho hayakufungika. Shehe aliuliza nyuma ya pazia, kukawa kimya, Shangazi akavuta pumzi ya kigelegele, na hapo kwikwi ikasikika.

"Analia nini?" akauliza Shehe.

"Furaha hiyo, Shehe," akadakia Shangazi.

Shehe alikuwa mzee mpole aliyetufundisha madrasa bila kiboko. Akaniita mimi. "Mwajuma, gusa chozi la dada yako. Wanazuoni wa zamani walisema la furaha ni la baridi, la huzuni ni la moto."

Nikagusa. Niwaambie ukweli, tangu siku ile nimegusa machozi mengi, hata ya harusi zenye raha, na la baridi sijalipata bado.

"La moto, Shehe," nikasema, na Shangazi akanifinya paja kwa nguvu zake zote.

Mkono wa Dada ukanibana. "Sitaki, Shehe," akasema. "Nataka kusoma."

Shehe akaenda kwa Baba. Tuliwaona dirishani wakinong'ona pembeni mwa jamvi, wageni wakikohoa. Kisha Baba akaja mlangoni, uso umempwaya. "Pakueni, watu wale," akasema. "Chakula hakina kosa." Bwana harusi naye alikula, akaongezwa, labda kwa hasira.

Kwa miaka mingi nilimpenda Shehe kwa kumwokoa dada yangu. Niliamini sheria ilimfunga Baba mikono. Nikakua, nikasomea sheria, na siku hizi kwenye semina za haki za binadamu huulizwa kama sheria ya Kiislamu na haki hizo zinapatana. Lakini vitabuni nilikuta jambo lililonishtua: wanazuoni wengi wa madhehebu yetu wamempa baba uwezo wa kumwoza binti mwali bila ridhaa yake, kwa masharti.

Baba alikuwa ameshafariki. Nikamwendea Shehe, sasa mzee wa mkongojo, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza kama siku ile alimwambia Baba hayo.

"Nilimwambia. Elimu haifichwi. Nikasema, fundi, ukitaka tuendelee, haki hiyo unayo."

"Akajibu nini?"

Shehe akatabasamu. "Akasema, 'Kama ni yangu, Shehe, basi naiacha. Mtoto keshasema.'"