Msahihishaji wa Pili

Wanafunzi walimwita Mwalimu Nukta, kwa sababu sentensi isiyo na nukta mwishoni aliikata alama bila kupepesa macho. Mumewe alifundisha darasa la jirani, Kiingereza hicho hicho, na yeye hakupewa jina la utani. Walimpenda tu.

Kwa miaka kumi na mmoja wawili hao walisahihisha mtihani wa insha wa darasa la maandalizi, wale watoto waliosoma kila kitu kwa Kiswahili na sasa wanatakiwa kuandika Kiingereza kabla ya kuingia sekondari. Kila insha husomwa na walimu wawili, na kila mmoja huweka alama kwenye karatasi yake bila kuchungulia ya mwenzake. Zikipishana kwa zaidi ya nne, wakae chini, wabishane, wakubaliane alama moja. Wao walibishania mezani jikoni, sufuria ikichemka. Na tuseme ukweli, yalikuwa mabishano ya jina tu. Mume alianza juu, mke chini, na aliyeshuka kila mwaka alikuwa mume.

Mwaka huu mume alimaliza insha zote arobaini na tatu siku ya Jumanne, akatia karatasi yake ya alama kwenye bahasha, akaifunga. Alhamisi asubuhi moyo wake ulisimama akiwa anafunga kamba za viatu.

Nukta hakulia. Si msibani, si makaburini. Wifi zake walinong'ona kwamba ana roho ngumu. Aliwasikia, akaendelea kugawa vikombe. Hakusikia uchungu, hakusikia njaa. Alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Wiki ya nne alirudi kazini, akashika kalamu nyekundu, akazimaliza insha zote kwa siku mbili. Kazi ile haikumdai moyo, na hilo lilimfaa.

Kisha akafungua bahasha ya mumewe. Alama za insha arobaini na mbili zilikaribiana. Moja ilikataa: yeye alikuwa ametoa nane, mumewe kumi na tano. Kufaulu ni kumi na mbili. Insha ilikuwa ya binti mmoja wa kiti cha nyuma, aliyekwisha kurudia darasa mara moja. Akianguka tena, shule haimpokei.

"Gawanya katikati, mama, tumalize," alisema mwalimu mkuu.

"Katikati ni kumi na moja na nusu. Anaanguka."

"Basi weka unavyoona wewe. Msahihishaji mwingine sina."

"Utaratibu unasema wawili wakae chini."

Mwalimu mkuu alimtazama, akaitazama bahasha, akamsogezea.

Jumamosi asubuhi Nukta alikaa mezani jikoni, karatasi yake upande huu, ya mumewe upande ule. Insha ilihusu nyumbani. Binti ameandika juu ya geti lao, ambalo bawaba zake zimelegea. Mgeni hulisukuma, likakwaruza chini na kupiga kelele. Mtu wa nyumbani hulinyanyua kwanza, nalo hufunguka bila sauti. Kwa hiyo wakisikia kelele hukimbilia kuvaa vizuri, na wasiposikia kitu, wakaona tu mlango unafunguka, mama huongeza sahani. Yote hayo kwa Kiingereza cha kuokoteza. Kando ya ile kumi na tano, mumewe alikuwa ameandika kwa wino wa kijani: geti nimeliona.

"Vitenzi vimevurugika," Nukta alianza, kama alivyoanza siku zote. "Ukurasa mzima una nukta mbili tu."

Alilijua jibu la mumewe. Sawa, mke wangu, lakini umeelewa au hukuelewa?

"Kuelewa nimeelewa. Kuandika ndiyo hajui."

Hapo ndipo mumewe alipokuwa akicheka, akijikuna shingo, akisema haya, kumi na mbili, kumi na moja, yaishe. Nukta alingoja ashuke. Alingoja kweli, kalamu mkononi. Lakini ile kumi na tano ya kijani ilibaki pale pale. Safari hii mwanamume hakushuka.

Akaweka kalamu chini, akaisoma insha upya bila kuhesabu makosa. Alipofika kwenye sahani, akaliona geti. Akamwona na mama yule, mkono kabatini, hajageuka hata kumtazama aliyeingia, kwa kuwa anamjua.

Aliandika kumi na tano kwenye nafasi ya makubaliano.

"Haya, umenishinda," alisema kwa sauti.

Miaka kumi na mmoja hakuwahi kumwambia hivyo, hata siku alizojua kwamba mumewe ana haki. Angefurahi huyo mtu. Angetamba nyumba nzima, angeziambia hata sufuria. Nukta aliisogeza karatasi ya binti mbali, hadi ukingo wa meza, isije ikalowa, ndipo akalia.