Ulimi wa Kodiani Alioutaka Mwalimu Haji

Usiku ule sikuwa na homa, wala sikuwa nimevimbiwa. Nalisema hilo mapema kwa sababu nawajua watu wa kwetu: ukiwasimulia ndoto, swali la kwanza ni ulikula nini. Nilikunywa chai ya rangi na kipande cha mkate, nikalala.

Mimi ni fundi wa kodiani hapa Unguja, na ufundi huu nilifundishwa na Mwalimu Haji, aliyeipigia klabu yetu ya taarabu mpaka mauti yalipomchukua. Mdogo wangu wa tumbo moja, Zuhura, ndiye mwimbaji wa klabu hiyohiyo. Siku zile sauti yake ilikuwa inashuka. Anaanza wimbo vizuri, ukifika ubeti wa mwisho yuko chini ya ala zote, kisha anageukia ukuta kukohoa. Tukimwambia aende hospitali, anasema ni mafua tu, atakwenda Sikukuu ikipita. Ana kichwa kigumu, nami sikuwa nimemshurutisha.

Basi, nikamwona Mwalimu. Ni mchana kweupe, niko karakanani kwangu, naye amekaa kwenye kiti changu, kanzu imenyooka, kofia kichwani. Sikushtuka. Nikasema, "Shikamoo, Mwalimu." Hakuitikia. Mtu aliyekuwa akinikemea nikichelewa kumwamkia, hakuitikia. Hapo ndipo hofu iliponiingia, lakini nikakaa mkekani mbele yake kama zamani.

Mapajani ana sinia. Limejaa ndimi za kodiani, vile vibamba vyembamba vya chuma vinavyolia hewa ikipita. Anachukua mmoja, ananipa.

"Wa wapi huu?"

Ndivyo alivyokuwa akinisomesha enzi za uhai wake. Jina lililobandikwa juu ya kodiani usilisome, alikuwa akisema, jina hubandikwa na yeyote. Fungua ndani, tazama chuma. Nikauinua kwenye mwanga wa dirisha. Kati ya ulimi na tundu lake mwanga ulipenya mwembamba kama unywele, pande zote sawa. Kingoni palibaki rangi ya buluu ya chuma kilichopitishwa motoni, na mgongoni palikuwa na alama za tupa, zimekwenda huku na huku kama mkono wa binadamu unavyokwenda.

"Mtaliana," nikasema. "Wa mkono."

Akanipa mwingine. Huo ulikuwa mnene mzizini. Nikaugusa kwa ukucha ukachelewa kulia, ulipolia ukadumu. Nikasema Mjerumani. Wa tatu mgongo wake ulikuwa laini, kila mkwaruzo sawa na mwenzake, na mwanga umejaa upande mmoja. Nikaugusa, ukalia ukazima papo hapo. "Wa mashine, Mwalimu. Huu hata kwa bure siutaki." Zamani angecheka.

Mara hatuko karakanani tena. Tuko klabuni, viti vyote vimegeuziwa ukuta, na hakuna mpigaji hata mmoja. Sinia limebaki na ulimi mmoja. Ananipa.

Huu siujui. Buluu ipo, tupa ipo, lakini mkono ulioutengeneza sijapata kuuona. Nautia mdomoni naupuliza, ndivyo tunavyojaribu mafundi. Inatoka sauti ya Zuhura. Sisemi inafanana na yake. Ni yake yeye, ile ya siku hizi, inaanza juu kisha inateremka polepole, na pumzi yangu ni ileile.

Natoa tupa mfukoni. Ulimi ukishuka sauti, unaukwangua kidogo nchani, unapanda. Nakwangua, unapanda. Napuliza, unashuka. Nakwangua tena. Mwalimu ananishika kiganja. Mkono wake hauna joto wala baridi.

"Tazama mzizini."

Natazama. Pale ulimi ulipopigiliwa kwenye bati lake pana ufa, mwembamba, hauonekani mpaka uelekezwe. Kila fundi anajua maana yake. Ulimi wenye ufa hauponi kwa tupa. Unaupandisha leo, kesho umeshuka, na siku moja unakatika wimbo ukiwa katikati.

"Wa wapi huu?" anauliza tena.

"Wa kwetu," nikasema, na machozi yakanitoka.

Akanyoosha kiganja. "Nipe."

Kwetu wazee husema maiti akikupa kitu ndotoni, pokea, ni heri. Akikuomba, usimpe, kwa sababu atakachochukua hakirudi. Nililijua hilo hata ndani ya usingizi. Lakini utamnyimaje mwalimu wako? Tangu nimjue sikupata kumwambia hapana, na vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kufunguka vyenyewe, kwa adabu tu. Nikavifumba. Chuma kikanikata, nikazidi kufumba.

"Sikupi, Mwalimu. Nisamehe. Huyu sikupi."

Alinitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

"Basi usilale," akasema. Nyuma yake viti vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kututazama.

Nikaamka mwadhini anaadhini alfajiri. Kiganja changu kilikuwa kizima, hakina hata mkwaruzo. Nikatema mate kushotoni kujikinga na shari yake, nikavaa kanzu, na badala ya msikitini nikashika njia ya kwa Zuhura. Najua ndoto mbaya haisimuliwi. Njia nzima nilijikumbusha hivyo.

Alifungua mlango mwenyewe, kanga mbili mwilini, macho ya mtu ambaye hakulala.

"Kaka? Kuna msiba?"

"Hakuna. Vaa buibui, twende hospitali."

"Si n'shakwambia, Sikukuu ikipita..."

"Mwalimu Haji kaja kukuomba, Zuhura. Nimemkatalia."

Nilidhani atanicheka, maana ndiyo tabia yake. Akaegemea mlango, akakohoa, kisha akasema kwa ile sauti ya chini:

"Kwangu kaja juzi. Kanambia nimpe mkono, tufuatane. Miye n'kampa."

Nikaukamata mkono huohuo kwa nguvu, nikamtoa nje na kanga zake, bila kumwachia nafasi ya kufunga mlango.