Niliambiwa injini inacheza, nikapeleka fundi Tarbaj

Wakuu, asalaam aleikum. Naandika kwa kidole kimoja, msinihimize. Haya si ya kusikia. Nilikuwepo, na fundi niliyemsumbua yuko hai, aulizwe.

Mimi ni nyanya, kwa Kisomali ayeyo, nakaa Wajir. Shule sikusoma. Kiswahili nilijifunzia gereji huko Garissa, nikiwauzia mafundi chai. Shikeni hilo la gereji, mbele litahitajika.

Nina mbuzi. Kiangazi hiki malisho yamekwisha, kwa hivyo mtoto wa kaka yangu, Dekow, aliwatoa kuelekea kisima karibu na Tarbaj. Maji pale yanavutwa na injini ya dizeli, na mwanangu Ibrahim ndiye mwangalizi. Mbuzi akifika pale na kiu akakosa maji, haendi pengine. Anakufa hapo hapo.

Sasa Hodan, binti ya Ibrahim, anasomea kompyuta chuoni. Amekulia Nakuru, Kisomali chake ni cha kuokota, kwa hivyo mimi na yeye ni Kiswahili tu. Jumamosi asubuhi, akiwa kwa baba yake kisimani, akanitumia ujumbe wa sauti:

"Ayeyo, niombee dua. Injini inacheza leo saa nane. Naogopa itatoka mapema."

Wakuu, gereji kitu kikicheza kimelegea. Nati inacheza. Gurudumu linacheza. Kikicheza sana, kinatoka.

Hiyo "saa nane" sikuitia maanani. Mtu akiogopa hasikii saa.

Nampigia Ibrahim, simu imezimwa. Nampigia Dekow, namwambia geuza mbuzi, rudi Wajir.

"Eddo, tumetembea siku mbili. Wadogo hawatafika."

Eddo ni shangazi, yaani mimi. Nikasema geuza! Simu ikakatika.

Nikamchukua Wambua, Mkamba wa hapa sokoni, hodari wa dizeli. Tukakodi gari. Njia nzima ananiuliza ni nati gani.

"Wambua, ningejua nati ningebeba spana, nisingebeba wewe."

Tumefika saa nane na nusu. Injini inanguruma. Ibrahim akaja mbio, "Hooyo," yaani mama, "kuna msiba?" Nikasema zimeni injini!

Ndani ya kibanda cha injini Hodan akapiga yowe. "Ayeyo, usizime! Inacheza!"

"Ndiyo maana nasema izimwe! Inacheza!"

"Ikizimwa nimetoka!"

"Kumbe unajua itatoka na umekaa hapo?"

Wambua akaishika injini kwa mikono miwili, akaitikisa. "Nyanya, hii imekaa kuliko mbunge. Haichezi."

Hodan alicheka mpaka akalia. Kumbe injini yake ni programu ndani ya laptop, aliyoitengeneza mwenyewe icheze sataranji, ile ya mfalme na farasi. Ni mashindano ya kompyuta kwa kompyuta, kupitia mtandao. Betri ya laptop imekufa, na chuoni stima hupotea, ndiyo akaja kuchomeka waya kwenye stima ya kisima.

Nikakaa chini. Nikamwambia haya, nieleze, nimeshachoma mafuta ya gari.

Akasema mashindano haya yalianza yeye hajazaliwa. Kompyuta zilikuwa kubwa, hazibebeki. Mashine inabaki kwao, mji mwingine kabisa, na wenye mashine wanakutana ukumbini na simu. Inafikiri huko, mtu ukumbini anaambiwa sogeza farasi, anasogeza. Miaka ikapita, mashine zikapungua mwili zikaongezeka akili, mpaka zikamshinda bingwa wa dunia. Siku hizi hata simu ya mkononi inawashinda mabingwa, kwa hivyo mashine inatafuta mashine mwenzake.

"Na huyo wa ukumbini alikuwa mtumishi wa mashine?"

"Ndiyo, Ayeyo."

"Kama baba yako."

Ibrahim hakucheka.

Nikauliza kama kuna kamari ndani yake, maana hiyo singemwachia. Hakuna. Sawa.

Lakini mbuzi! Maji yapo, yanamwagika, na mimi kwa mdomo wangu nimewageuza. Namtafuta Dekow, hapatikani. Nilikaa pale nikivuta tasbihi, wala sikumwangalia mtu usoni.

Alasiri nikaona vumbi. Halafu nikasikia mbuzi.

"Dekow, sikukwambia geuza?"

"Eddo, ulisema 'geuza', network ikapotea. Nikangoja uniambie nigeuze nini."

Najua anadanganya. Nikasema alhamdulillahi, nikamwacha. Mbuzi walikunywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Hata wale wadogo, wote.

Injini ya Hodan ilitoka raundi ya pili. Akanuna. Nikamwambia yako imetoka na hakuna aliyekufa kiu, inuka ule.

Na Wambua hakutaka kurudi bure, akaizunguka ile ya dizeli yote. Akapata nati moja kweli inacheza. Akaikaza.

Funzo langu: neno likikushtua, uliza kwanza, amri baadaye. Nimeamuru watu miaka mingi, na siku hiyo niliokolewa na mpwa asiyesikia. Dekow asionyeshwe hii.

Haya, wa kucheka acheke. Nani mwingine alikimbizwa na neno moja? Semeni. Na mnaojua sataranji, mwelekezeni Hodan. Naambiwa malkia wake anatolewa nje mapema mno. Hilo hata mimi ningemwambia.