Siku Sinema Ilipokuja Kanisani

Juzi nilienda kumwona mjukuu wangu darasani, hapa Kiirua. Huyo ni kichwa, nasema wazi. Mwalimu alikuwa akichomeka waya wa projekta ukutani, akafoka, "Nani ameleta chupa ya maji hapa?" Watoto wakacheka. Mimi sikucheka.

Nilikuwa mdogo wageni walipotuletea sinema kanisani, mchana. Mama alinyunyiza maji kwenye sakafu ya udongo ya kanisa, vile tulivyofanya kila mgeni akija, ili vumbi litulie. Kukanukia mvua. Madirisha yakazibwa kwa blanketi, jenereta ikanguruma nje. Dada yangu Kathure alikuwa miguu mitupu, akasogelea mashine ya sinema aote joto lake. Akakanyaga waya uliochubuka, akaanza kutetemeka.

Nilidhani anacheza. "Cheza, Kathure!" nikaita, na watoto wote wakapiga makofi.

Siku hizi hata mtoto wa chekechea anajua maji na stima havipatani. Sisi stima hatukuwa tumeiona.

Jenereta ilipozimwa, Mama alimwita Kathure mpaka sauti ikakauka.

Tangu hapo Mama alifagia nyumba yetu bila tone la maji. Wageni walikunywa chai wakikohoa, na hakuna aliyemuuliza.