Hina ya Pinioni

Mama mkwe wangu alikuwa na maneno yake kuhusu pikapu yangu: ati hufika kwake kabla yangu. Akiusikia tu ule mvumo wa difu barabarani huteleka chai, na nikikata kona ya kuingia kwake Munje, chai ishachemka. Watu hucheka, naye hucheka. Mimi sikucheka. Nina gereji Msambweni, na gari lililokuwa likilia kuliko yote yaliyoletwa pale lilikuwa la fundi mwenyewe.

Wiki ya harusi ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ilikubaliwa kwamba mimi ndiye nitakayepeleka vyombo vya bibi harusi Lunga Lunga kwa mumewe. Mama mkwe angekaa mbele, akisindikiza kitanda na kabati. Siku moja kabla, nikamkuta uani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefikiri sana. Siwezi kufika kwa watu na kelele hiyo. Nitakodi gari."

Iliniuma. Gari la kukodi lingemaanisha ukoo mzima umenikatia tamaa, na harusi nayo husimuliwa miaka. Nikamwomba anipe mpaka magharibi, nikaliweka gari juu ya mawe palepale uani kwake.

Difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake mna krauni, gia kubwa ya duara kama sinia, na pinioni, gia ndogo inayoizungusha. Pinioni ikisogea mbele, kuelekea krauni, kwa unene wa karatasi, meno yanagusana mashinani. Ikirudi nyuma, yanagusana nchani. Kote kuwili gari linalia. Kinachoisogeza ni shimu, vibati vyembamba vya duara vinavyokaa nyuma ya beringi yake, na kila ukibadilisha shimu ni lazima beringi ing'olewe. Nilikuwa na beringi mpya, shimu mkebe mzima, na kiburi cha kutosha.

Nilichokosa ni rangi. Meno ya krauni hupakwa rangi, ukaizungusha, kisha ukasoma pale pinioni ilipoifuta. Kopo langu lilikuwa limekauka likawa jiwe. Duka la spea liko Ukunda, na difu ya gari la kunipeleka Ukunda nilikuwa nimeipakata. Nikalitukana lile kopo. Mke wangu akatoka chumbani, ambako wanawake walikuwa wakimpaka bibi harusi hina, akanitazama, akarudi ndani, akaja na kibakuli.

"Paka hii."

"Hii si hina?"

"Na wewe si una shida? Paka."

Nikaichanganya na oili kidogo, nikapaka kwa vidole. Alama ikatoka safi ajabu, ila ilikuwa nchani mwa meno. Nikang'oa beringi, nikaongeza shimu, nikagonga. Kila nyundo ilipolia, nyimbo za ndani zilikatika. Mara ya pili alama ikashuka mashinani, na hina ikaisha. Mke wangu akaingia tena na kibakuli, nikamsikia mwanamke anayepaka hina akimuuliza huyo bibi harusi wa nje ana vidole vingapi.

"Arubaini na kimoja," akajibu. Kumbe alikuwa ameshahesabu meno ya krauni.

Kicheko kilichotoka chumbani sijakisamehe mpaka leo. Mara ya tatu nikapunguza shimu moja, na alama ikakaa katikati ya jino. Nikakaza nati mpaka pinioni ikawa nzito kidogo mkononi, nikafunga kila kitu, nikaenda kunawa. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hina ni hina. Sabuni haikufua dafu, wala petroli. Mikono ilikuwa myekundu hadi vifundoni, na mwanamume wa huku akionekana hivyo, watu hawaulizi habari za difu.

Asubuhi mama mkwe akapanda, macho kwenye mikono yangu juu ya usukani.

"Mwanangu, na wewe unaoa huko?"

"Ameshaoa pinioni, mama," mke wangu akadakia kutoka nyuma, juu ya godoro.

Nikaingia barabarani nimebana pumzi, nikisikiliza. Sikusikia ila milango ya kabati ikigongana. Nikangoja mama mkwe aseme neno. Nikamtupia jicho: amelala, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi. Sijawahi kufurahia usingizi wa mtu namna ile, nusura nilie. Kila tuta nililivuka polepole nisije nikamwamsha.

Lunga Lunga, mlangoni kwa bwana harusi, nikazima injini. Akazinduka.

"Tumeharibikiwa?"

"Tumefika, mama."

Akatazama nje kwanza, ahakikishe. Kisha akajitanda mtandio wake vizuri, akafungua mlango.

"Basi usiniache," akasema. "Kurudi nitalala tena."