Mwosha Maiti wa Mtaa Mpya

Tulipohamishwa kutoka Ng'ambo kupisha barabara, mimi na mama tulipewa kiwanja nje kabisa ya mji. Majirani wetu walitawanyika, wengine Chemchem kwa ndugu zao, wengine wakarudi Nzega. Kule kwetu vyumba sita vilitazama ua mmoja. Ukikohoa, mtu anakuuliza kama umekunywa dawa. Huku kila nyumba ilisimama peke yake, katikati visiki vitupu.

Mama alikuwa mwosha maiti. Wanawake wa Ng'ambo wakifiwa, walimwita yeye kabla hata ya kununua sanda. Huku hakuna aliyemjua. Alikaa barazani, wapita njia wakimwamkia shikamoo bila kusimama. Marahaba yake ilifuata migongo yao.

Asubuhi moja tulisikia kilio nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama alijifunga kanga, akaketi kungoja kuitwa. Mwanamume mmoja alitoka pale mbio, akapanda bodaboda, akatupita bila kugeuka.

Jua lilipopanda, mama alisimama. "Twende."

"Hatujaitwa, mama."

"Maiti hana mdomo wa kuita."

Binti wa marehemu alitufungulia, akatutazama kama wachuuzi.

"Mimi naosha, mwanangu," mama alimwambia. "Nilikuwa Ng'ambo."

Binti akaangua kilio upya, akamshika mikono. Kumbe kaka yake alikuwa ametumwa Ng'ambo kumtafuta mwosha, na mwosha aliyeelekezwa ni mama. Nilishika ndoo. Mama aliosha taratibu, akimwita marehemu "dada". Walikuwa rika moja. Mwaka mzima walitenganishwa na nyumba mbili tu, na hawakuwahi kuonana.

Yule kaka alirudi mchana, amechoka. "Wameniambia amehama," alisema mlangoni, "hawajui wapi."

Sasa watu wanamjua mama. Wakipita husimama, humuuliza hali. Lakini haingii mtu ndani, na mtoto akimsogelea huvutwa mkono. Ng'ambo alikuwa mwosha, alikuwa pia msusi, na kungwi wa mabinti. Huku wanamjua kwa jambo moja tu.

Juzi alimwambia jirani, "Niletee binti yako nimsuke."

"Usijisumbue, mama," jirani alijibu, akamshika mwanawe bega.

Mama alirudi ndani, akakaa kwenye mkeka na kitana chake. "Njoo wewe, basi," akaniambia.

Nywele zangu nimezinyoa. Nilikwenda nikakaa.