Tekila ya Kusindikizia

Mama Kaunta hakuwa mtu wa kununua kinywaji kwa macho. Rafuni kwake palikuwa na nafasi moja ya tekila, na ilikuwa wazi, maana ile ya mwanzo iliwapasua wateja vichwa hadi wakaanza kuzoea baa ya jirani. Safari hii asipopatia, hawarudi.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe na wakala wa vinywaji, alifika asubuhi sakafu ikiwa bado inapigwa deki. Alileta chupa tatu. Moja ilizamishwa kwenye ndoo ya barafu, shingoni ina utepe wa dhahabu, na ndimu zimeshakatwa pembeni.

"Hii ndiyo yenyewe, shemeji. Hizo mbili za kusindikizia tu."

"Itoe kwenye barafu. Na ndimu mpelekee mpishi."

"Lakini tekila huwa inanywewa…"

"Ulimi ukifa ganzi nitaonja nini?"

Wifi yake, aliyekuwa akifuta meza, akacheka. "Kaka, umeyakanyaga. Huyu hata maji ya bomba huyanusa kwanza."

Wakasubiri chupa ipoteze baridi. Shemeji akatazama saa, akatazama simu, akarudi kwenye saa. Hatimaye wifi akamimina kidogo kidogo kwenye glasi za chai, Mama Kaunta akiwa amewapa mgongo asijue ipi ni ipi.

Ya kwanza ilimkwaruza koo, ikaacha ladha ya spiriti ya kuoshea vidonda. Ya pili ilimpiga puani kwa vanila kabla hajaigusa, tamu kama keki. Ya tatu ilinukia mmea wenyewe, ule wa ukoo wa mkonge, uliookwa ukaiva. Ilichoma kidogo kama pilipili manga, kisha ikashuka bila ugomvi.

Halafu akadondoshea kila moja kiganjani na kusugua, akifuta mkono kila mara. Ya pili ikanata kwa sukari ya kuongezwa, kama soda iliyomwagika. Ya tatu ikakauka, ikaacha harufu tu.

Moyoni alishamaliza. Usoni hukuona kitu.

"Hii ya pili tamu," alisema. Wakala akakaa vizuri kitini. "Na hii ya tatu, unauzaje?"

"Hiyo? Imenilalia stoo, chupa haina sura. Kwa kuwa ni wewe, nusu bei."

"Wifi umesikia. Nusu bei, kreti zote zilizopo, na anashusha mwenyewe."

"Sawa, shemeji. Na yenye utepe nikuletee ngapi?"

"Hiyo mpelekee jirani."

Shemeji akamgeukia dada yake. "Na wewe unatazama tu naibiwa?"

"Bei umeitaja mwenyewe, kaka. Mie namimina tu."

Jioni fundi cherehani, mmoja wa waliohama, alichungulia, akaona chupa ngeni, akaomba kidogo. Alionja. Akakisukuma kando kisahani cha ndimu alichowekewa na kuvuta kiti.

Mama Kaunta akaendelea kufuta glasi kama hakuona, akijipigia mluzi.